Santuri za Ufunguo

Supu ya maharage ikifurika na kumwagikia ule waya mwekundu wa reshoo, yaani jiko letu la umeme, inatoa harufu ambayo sijui niipe jina gani. Kuna chumvi iliyoungua ndani yake, kuna udongo, kuna kitu kama nguo mbichi chini ya pasi. Watu wakiisikia hukimbilia mfuniko. Mimi hukaa chini kwanza. Majuzi imenikuta jikoni kwangu, hapa hapa Bukavu, mwanangu akaniita na kuniita tena nisimjibu, akaenda kumwambia baba yake kwamba mama ameanza tena. Wacha waseme. Nitawaeleza nyinyi, kwa kuwa hatuishi nyumba moja na hamtanicheka wakati wa kula.

Nilikulia mtaa wa Kadutu, mlimani, kwenye kiwanja ambacho mvua ilikuwa inakila kidogo kidogo kwa upande wa chini. Papa alikuwa prof wa biologie shule ya sekondari, mwanaume mrefu, mpole, ambaye hakuweza kusema neno kabla ya kusafisha koo. Maman alikuwa mfupi, mwepesi, na mdomo anao. Walikutana Lwiro, kule kwenye kituo cha utafiti, Papa akiwa kijana aliyepelekwa kujifunza mambo ya vyura na Maman akipiga mashine ya kuandikia. Mzungu mmoja mtafiti alipofungasha kurudi kwao, alimwachia Papa mashine ya kupigia muziki, tourne-disque nzito kama jiwe la kusagia, pamoja na sanduku zima la santuri. Wenzake walirudi kutoka Lwiro na diploma. Papa alirudi na diploma, na Maman, na sanduku, na ukimwuliza kipi kilikuwa cha maana alisafisha koo tu.

Santuri zile zote zilitoka kampuni moja ya Amerika. Katikati ya kila moja palikuwa na karatasi ya kijani ya mviringo, na juu yake umechorwa ufunguo mdogo wa dhahabu. Papa aliiheshimu kampuni ile jinsi watu wanavyoheshimu parokia yao. Kiingereza hakukijua, lakini maandishi madogo ya nyuma ya jalada aliyasoma kwa kidole, neno kwa neno, mpaka akajua ipi ilitoka kabla ya ipi, na mpiga ngoma wa hii ndiye yule yule aliyepiga kwenye ile.

"Hawa batu," alikuwa anatuambia, "hawakutoa ata disque moja mubaya. Ata moja."

Jirani akimletea kaseti ya muziki wa Kinshasa, aliisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, halafu akairudisha kwa mikono miwili. "Ni muzuri sana, ndugu. Lakini haina ufunguo."

Sisi watoto, yaani mimi Nabintu na mdogo wangu Murhula, tulizipa santuri majina yetu kufuata picha za majalada. Kulikuwa na Wazee wa Ngazi, wanaume waliokaa kwenye ngazi za nyumba ya matofali, viatu vinang'aa kuliko vya maharusi wa Kadutu. Kulikuwa na Jino, kwa sababu ya mwanaume aliyelaza shavu juu ya tarumbeta kama mtu anayeumwa jino. Na kulikuwa na Koti la Manjano, mwanamke aliyesimama barabarani kwenye mvua, hana mwavuli, anacheka mdomo wazi. Hiyo ndiyo ilikuwa ya Maman. Kuigusa mpaka unawe mikono na sabuni, uifute kwa kitambaa, halafu uishike ukingoni tu, jinsi padri anavyoshika hostia.

Lakini santuri hazili hewa, zinakula umeme, na umeme wa mtaa wetu ulikuja siku uliyojisikia kuja. Ndiyo maana kila nyumba ilikuwa na sufuria ya maharage imelowekwa, inangoja pembeni ya reshoo. Makala, yaani makaa, ni ghali, na maharage ya kwetu yanajua kula makala. Basi courant, umeme wenyewe, ikija, watoto wanapiga kelele mlima mzima, akina mama wanaacha hata mazungumzo ya kumsema mtu katikati, wanakimbilia ndani. Maharage kwanza. Pasi baadaye, redio baadaye, taa itajiwasha yenyewe. "Courant haina rafiki," Maman alikuwa anasema. "Ikikuja, unaikamata ku shingo."

Kwa kuwa kila mtu aliikamata shingo kwa wakati mmoja, courant ilikuwa inakabwa kweli. Taa inakuwa na rangi ya chai ya rangi, na tourne-disque inazunguka kama bibi anayepanda mlima na mzigo wa muhogo. Papa aliupima umeme kwa ule ufunguo wa dhahabu. Courant ikiwa na nguvu, alituambia, ufunguo unapotea, unabaki mviringo tu unaong'aa. Ikiwa dhaifu, unaweza kuona hata meno yake. Kila mara alipoweka santuri aliinama, akatazama, akainuka polepole.

"Meno yanaonekana," alisema, kama daktari anayewaambia ndugu wa mgonjwa.

Na sisi tungejuaje? Tulizaliwa tukakuta meno yanaonekana. Mimi niliamini kabisa kwamba Waamerika ni watu wazito, wenye huzuni, wanaovuta kila neno kutoka chini ya tumbo. Wimbo wa kwanza wa Koti la Manjano nilijua unaimbwa na mzee mmoja, na yule mwanamke anayecheka kwenye jalada ni mke wake marehemu. Nilimlilia mara nyingi. Papa akanikuta siku moja nafuta machozi, akasafisha koo.

"Apana, Nabi. Ule njo anaimba, ule mama mwenyewe. Lakini iyi si sauti yake. Ku Lwiro alikuwa anaimba vingine."

Ku Lwiro! Kwa maneno yake, kule courant haikuchoka, na Koti la Manjano aliimba alivyoumbwa, na Papa na Maman walicheza mpaka viatu vya Maman vikaachia gundi. Katekista alipotufundisha habari za Paradiso, sikuhitaji maelezo marefu.

Halafu Maman akaanza kuvimba miguu. Akavimba uso. Papa alimpeleka hospitali, akamrudisha, akampeleka tena, akauza hiki na kile nisichokiona tena nyumbani. Mwishowe wakamrudisha kabisa, wakasema apumzike. Nyumba nzima ikawa inasema neno hilo kwa sauti ya chini, apumzike, apumzike, na mimi nikafikiri kupumzika ni jina la dawa. Nilishangaa mbona haimsaidii.

Alikataa kulala chumbani. Alitaka kiti kirefu cha sebuleni, aone mlango, aone nani anapita na amevaa nini. Kutoka pale alitawala jikoni bila kufika jikoni, maana hakuweza tena kusimama bila kushikwa. "Nabi, iyo sombe umesahau chumvi, naisikia ku harufu." Na kweli yale majani ya muhogo nilikuwa nimeyasahau chumvi. Kila mtu alimkataza kila kitu. Usiinuke, usichambue mchele, usimbebe Murhula. Wamama wa kanisa walikuja wakamnyang'anya hata soksi ya mtoto aliyokuwa anashona, kwa upendo, wakamlaza.

Jumapili moja walipoondoka, akamwita Papa.

"Unataka kunifanyia kitu?"

"Sema tu."

"Nataka kusikia Koti la Manjano vile aliimbaka ku Lwiro. Mara moja tu. Si iyi ya kwetu ya kulala-lala."

Mimi na Murhula tulicheka. Papa hakucheka. Muda wote ule alikuwa ametembea na karatasi za dawa mkononi, kila aliyemwendea akamwambia tumwombe Mungu. Sasa mke wake amemwomba kitu ambacho mtu anaweza kukifanya, na nilimwona akinyooka mgongo.

Alikwenda kuomba jenereta ya parokia, akaikuta imekufa. Akajaribu betri ya gari, ikatoa moshi na harufu, wimbo haukutoka. Ndipo akavaa koti lake la mikutano ya wazazi, akanishika mkono, tukaanza kupita nyumba kwa nyumba, zile zilizochangia waya mmoja wa umeme na sisi. Ombi lake lilikuwa hili: siku courant itakapokuja, wasiwashe reshoo kwanza. Watuachie upande mmoja tu wa santuri. Ukiisha, wapike.

Nyinyi mnaosoma mkiwa na umeme hamwezi kujua ukubwa wa ombi hilo. Ni kama kumwambia mtu mvua ikinyesha asikinge maji.

Mama Ombeni, aliyekuwa anauza sambaza, wale dagaa wa ziwani, sokoni, alimtazama Papa mikono kiunoni. "Prof, courant ikuye, miye niikale niiangalie? Na bale batoto bote ndani?"

"Upande moya tu, mama. Ni juu ya mugonjwa."

 Akaniangalia mimi, akaangalia pembeni. "Kama ni juu ya Mama Nabi, ntazima. Ule mama alinipokelea batoto ku nyumba yake, mvula inanyesha."

Papa Cito, fundi cherehani wa mlango wa tatu, aliahidi hata pasi hataigusa. Wote wakakubali. Hakuna aliyekataa, na hilo ndilo lililonitesa baadaye, kukosa mtu wa kumkasirikia.

Basi tukangoja. Papa aliiweka santuri kwenye mashine kabisa, akaifunika kitambaa cheupe. Courant haikuja. Maharage yaliyolowekwa yakaanza kuota, tukayamwaga, tukaloweka mengine. Padri alikuja na mafuta ya wagonjwa. Miguu ya Maman iliangaza kama imepakwa kitu, na akilala usingizi Papa alisimama mlangoni anatazama nguzo ya umeme, mwanaume mzima, msomi, anatazama nguzo. Sikupenda kumwona vile. Nilitamani amgombeze mtu.

Ilikuja siku ya Jumamosi, mvua imekatika, jioni haijaingia. Nilisikia kelele za watoto kutoka juu ya mlima zikishuka kama kawaida, na zilipofika kwetu likatokea jambo ambalo sijaliona tena maishani. Kimya. Hakuna aliyekimbia, hakuna mlango uliobamiza. Watu walitoka wakasimama kwenye milango yao, mikono imefumbatwa, wanatazama nyumba yetu.

"Washa machine, ungoje!" Papa alinipigia kelele, tayari amefika uani. "Utaweka sindano nikirudi!" Akashuka mbio kwenye tope kwenda kuwakumbusha wa nyumba za chini, asije mtu akasahau.

Niliwasha. Taa ilikuwa nyeupe hata Murhula akafunika macho. Niliinamia ile karatasi ya kijani, na nawaapia, niliona. Ufunguo ulizunguka, ukayeyuka, ukawa mviringo wa dhahabu, safi, bila jino hata moja.  Nilisema kimoyomoyo, Papa, kuya, kuya upesi.

Halafu taa ikashuka. Ikawa chai ya rangi. Na pale chini ya macho yangu ufunguo ukarudi, kwanza kivuli, halafu umbo, halafu meno.

Papa alitokea mlangoni anahema, matope mpaka magotini. Alitazama taa, akageuka akapaza sauti nje, yule mpole. "Nani hajazima? Jamani, nani?"

"Siye tumezima, Prof!"

"Ku kwangu reshoo iko baridi, kuya uguse!"

Papa Cito alitoka na pasi yake, akaibandika shavuni mbele ya watu wote kuonyesha ni baridi. Kwa siku nyingine ningecheka mpaka kulia.

Ndipo harufu ikatufikia, ile ya reshoo ikianza kuunguza vumbi lake. Ilitoka nyuma yetu. Nikageuka, na kile kiti kirefu kilikuwa kitupu.

Tulimkuta jikoni. Maman, aliyekuwa anashikwa na watu wawili kwenda msalani, alikuwa ameshuka hadi jikoni kwa kupapasa ukuta, ameinua sufuria ya maharage, ameiweka juu ya reshoo. Jasho linamtoka, mwiko mkononi.

"Muko naniangalia nini?" akasema. "Courant imekuya."

"Mama Nabi," Papa alisema. "Nimeomba batu bote. Bote bamezima juu yako."

"Najua. Na batoto batakula nini leo? Disque?"

Papa alishika waya wa reshoo. Alishika kichwa cha waya pale kinapoingia ukutani, vidole vyote vitano. Ilibaki kuvuta tu. Mlima mzima ulikuwa unangoja na vyakula vibichi, na mimi nilisimama pale natamani kwa roho yangu yote, vuta, Papa, vuta.  Maman alimtazama tu, huku amejishikiza kwenye ukingo wa meza.

"Acha," akasema mwishowe, polepole. "Iko naanza kuchemuka."

Papa akaachia. Akaja akamshika kiunoni asianguke, akaniambia bila kunitazama: "Nabi. Weka tu."

Niliweka sindano. Akaimba yule yule mzee wangu, mzito, anaburuta maneno kama viti sakafuni. Majirani kwenye milango yao walisikiliza, wameinamisha vichwa kama kanisani. Walidhani ndio wimbo wenyewe. Walidhani hiki ndicho Prof alichokiombea. Na hakuna hata mmoja aliyeingia ndani kuweka sufuria kabla upande haujaisha.

Jikoni, Papa alikuwa analia. Sikuwahi kumwona. "Si hivi," alisema. "Si hivi aliimbaka."

Maman alikuwa amemwegemea kifuani, mwiko bado mkononi, macho amefumba. Labda walikuwa wanacheza, sijui, miguu haikusogea.

"Ni muzuri hivi," alisema. "Inachelewa kuisha."

Supu ikafurika ikamwagikia ule waya mwekundu, na hakuna aliyefuta.

Upande ulipoisha, milango ikabamiza mlima mzima na taa ikafa mpaka ikabaki unyuzi. Courant iliondoka kabla maharage hayajaiva, tukayamalizia kwa makala. Maman aliuliza kama chumvi inatosha. Tukasema inatosha.

Alikufa masika yale yale. Kwenye kilio, Mama Ombeni alileta sufuria ya maharage inayobebwa na watu wawili, akamwambia Papa kwamba ile wimbo ya mazishi aliyotuwekea ilimfanya aombe kwa kweli. Papa akamshukuru. Hakumsahihisha. Koti la Manjano aliirudisha kwenye jalada lake, na sikumwona akiitoa tena mpaka sisi wenyewe tulipomzika.

Nilimkasirikia Maman miaka mingi. Nilisema ameharibu. Nilimkasirikia na Papa, na vidole vyake vitano. Ni mpaka nilipokuwa na sufuria yangu na watoto wangu ndipo nilipoanza kuona kwamba kwa wiki zile zote tulikuwa tumemnyang'anya kila kitu, mchele wa kuchambua, soksi ya kushona, na courant ilipokuja mwili wake uliinuka wenyewe kwenda kufanya kazi yake. Papa angevuta ule waya, angekuwa amemwambia kwamba amekwisha kuwa marehemu. Hivyo ndivyo ninavyojieleza. Siku nyingine nawaza labda ilikuwa mazoea tu, labda alisahau, na akajuta, na akasema lile neno ili kumfariji mume wake. Nani atanijibu?

Majuzi, baada ya ile supu kumwagika, nilimpigia simu Murhula, anayefanya kazi Kamanyola siku hizi. Tukakumbushana, tukacheka pasi ya Papa Cito. Kesho yake akanitumia kitu kwenye simu. Ile kampuni ya ufunguo imezitoa upya santuri zake zote za zamani, zimesafishwa, ziko hewani, anayetaka anazipata. Wazee wa Ngazi, Jino, wote. Santuri zenyewe ziko chini ya kitanda changu, majalada yameliwa na unyevu.

Nilikuwa nimeinjika maharage tu, maji bado baridi. Nikaegemeza simu kwenye debe la chumvi, nikabonyeza Koti la Manjano.

Nilidhani Murhula amekosea. Ngoma zilikimbia kama watoto wanaoshuka mlima, na juu yake akaingia binti, msichana kabisa, sauti nyepesi, inacheka katikati ya maneno. Nilingoja mzee wangu aingie. Hakuingia. Basi huyu ndiye. Hii ndiyo Lwiro, hiki ndicho Papa alichokiombea amevaa koti la mikutano, na mimi peke yangu ndiye niliyekipata, sina wa kumwita aje asikie. Ni mzuri, sitaki kudanganya. Mabega yalinicheza yenyewe na machozi yananitoka.

Nikanyoosha mkono kuchukua mwiko. Wimbo ulikwisha hata maharage hayajaanza kuchemka.